Mchanga Uliorudi Si Sakafu Iliyorudi

Chimba kiangazi, mvua itakurejeshea. Hiyo ndiyo imani inayotawala juu ya mchanga wa mito katika pwani yetu, kutoka Sabaki nchini Kenya mpaka Messalo nchini Msumbiji, nayo ina sura mbili. Sura ya mtaani ni ya dereva wa lori na wapakiaji wake, ambao wameliona shimo la mwaka jana limejaa tena na hawaoni haja ya hoja nyingine. Sura ya ofisini ni ya mhandisi au mtoa vibali: anachukua ukubwa mmoja wa wastani wa punje za mto, anaongeza mteremko na kina cha maji, anaviingiza katika fomula ya zamani, anapata tani zinazopita kwa mwaka, kisha anaruhusu kuchimbwa kiasi kilicho chini ya hapo. Wawili hawa wanaonekana kuwa mbali, mmoja ana koleo na mwingine ana kompyuta, lakini wanasema jambo lilelile: mchanga ni mzigo unaojitegemea, na ukiutoa njiani mto wenyewe haudhuriki. Mimi nasema sivyo. Mchanga na changarawe katika sakafu ya mto ni mwili mmoja. Mchanga ndio unaoamua lini na kwa kasi gani changarawe itasogea. Anayehesabu kimoja bila kingine hakosei kwa asilimia chache. Anakosea kwa makumi ya mara, na kosa hilo hulipwa kwa nguzo za madaraja.

Mahali ambapo malipo hayo yanaweza kuja haraka ni njia ya kwenda bandari ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji. Bandari hiyo ni ndogo, ya majahazi, mashua na vyombo vya kina kifupi, na bamvua na maji mafu ndiyo yanayopanga saa za kazi. Mji ulishambuliwa mara ya kwanza Oktoba 2017, ukatekwa pamoja na bandari yake Agosti 2020, ukakombolewa tarehe 8 Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Tangu hapo watu wamekuwa wakirudi, na kila anayerudi anahitaji ukuta wa kulala nyuma yake. Kaskazini kidogo, huko Afungi wilayani Palma, kuna mradi mkubwa wa gesi ambao shambulio la Machi 2021 liliusimamisha. Nyumba, barabara, gati na mitambo, vyote vinaanza na zege, na zege linaanza na mchanga na kokoto. Lakini bandari isiyo na barabara ni gati tu. Barabara inayoiunganisha Mocímboa da Praia na Pemba na nchi nyingine yote ni N380, inayopita Macomia, ikavuka Mto Messalo, ikafika njia panda ya Awasse ambako mkono mmoja unaelekea Mueda na mwingine unashuka baharini. Mwishoni mwa Desemba 2019 mafuriko yaliliangusha daraja la Mto Montepuez kwenye barabara hiyohiyo, na wilaya za kaskazini zikakatika. Miezi minane kabla, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimeingia nchi kavu katika pwani hiihii, kikiwa na upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa. Sidai kwamba uchimbaji wa mchanga ndio ulioliangusha daraja lile. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambayo barabara ya bandari inaning'inia kwenye madaraja machache, sakafu ya mto chini ya kila daraja ni sehemu ya bandari, na inastahili kuhesabiwa kwa uangalifu uleule unaopewa gati.

Sakafu hiyo imeumbwa na nini? Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzoni kabisa, kwa kudhani kwamba mito ya pwani ni ya mchanga mtupu. Ukanda wa pwani wa pande zote mbili za Ruvuma umefunikwa na miamba laini ambayo wanajiolojia wameipa jina la Mikindani: tabaka za mchanga mwekundu zilizochanganyika na changarawe na mawe ya mviringo, zilizoachwa na mito ya zamani na hazikushikana vizuri. Juu yake, upande wa bara, unasimama mwinuko wa Wamakonde, wa Mueda kwa Msumbiji na wa Newala kwa Tanzania. Kila kijito kinachoshuka kutoka huko hukata tabaka hizo na kubeba vyote viwili, punje ndogo na kubwa, kwa sababu ndivyo vilivyomo. Messalo yenyewe inatoka mbali zaidi, Niassa, katika miamba migumu ya zamani. Kwa hiyo juu ya mto kuna mawe na changarawe, chini kuna mchanga, na katikati kuna kipande kirefu ambacho vyote vimechanganyika. Ukitembea juu ya mto mkavu Septemba utaona mchanga, kwa kuwa ndio uliotulia mwisho maji yalipopungua. Kilichopo chini yake kwa kina cha goti ni habari nyingine.

Haki itendeke kwa fomula za zamani kabla ya kuzishambulia. Mwaka 1936 Albert Shields aliwasilisha Berlin tasnifu iliyoonyesha kwamba punje husogea pale mkwaruzo wa maji juu ya sakafu unapofikia kiwango fulani ukilinganishwa na uzito wa punje hiyo. Mwaka 1948 Meyer-Peter na Müller wa Zürich wakatoa fomula ya kukadiria mzigo unaokwenda chini ya maji, na kwa vizazi viwili ndiyo iliyokuwa chombo cha kila mhandisi wa mito. Ni kazi nzuri. Ila msingi wake ni wazo kwamba mto una ukubwa mmoja wa punje, au walau kwamba ukubwa wa wastani unaweza kuzisemea zote. Katika mfereji wa maabara uliojazwa punje zilizochaguliwa, wazo hilo linasimama. Katika Messalo linaanguka, na si kwa sababu ya Uafrika wa Messalo. Linaanguka katika kila mto uliochanganyika, hata wa Uswisi kwenyewe.

Dalili za kwanza zilikuwapo hata kabla ya Shields. Grove Karl Gilbert, mjiolojia wa Marekani aliyetumwa kuchunguza vifusi vya machimbo ya dhahabu vilivyojaza mito ya California, alichapisha mwaka 1914 matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika mifereji ya mbao huko Berkeley. Aliona jambo la kustaajabisha: ukiongeza punje ndogo kwenye sakafu ya punje kubwa, zile kubwa nazo husafiri zaidi. Akili ya kawaida ingetarajia kinyume, kwamba mzigo wa ziada utamchosha mbebaji. Takriban miaka 90 baadaye Peter Wilcock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilipima jambo hili kwa makini. Walitengeneza michanganyiko mitano ya mchanga na changarawe, yenye mchanga kuanzia asilimia 6 hivi hadi 34, changarawe ikiwa ileile katika yote. Matokeo yao ya 2001 yanashangaza: mchanga ulipopanda kutoka asilimia 15 hadi 27 hivi, changarawe iliyosafirishwa na mtiririko uleule iliongezeka mara nyingi mno, ingawa changarawe yenyewe katika mchanganyiko ilikuwa imepungua. Sababu ni ya kimaumbile na inaeleweka bila hesabu. Jiwe lililolala kati ya mawe mengine limekaa kama kete ndani ya shimo la bao, maji lazima yalinyanyue kwanza ndipo liende. Mchanga ukijaza shimo, uso unakuwa tambarare na jiwe linabingirika kwa msukumo mdogo. Pia mawe yanapotenganishwa na mchanga hayashikani tena.

Mwaka 2003 Wilcock na Joanna Crowe waliyageuza matokeo hayo kuwa modeli inayohesabu kila ukubwa wa punje peke yake, ikizingatia kilichopo juu ya uso wa sakafu wakati ule. Tuipitie hesabu yake moja, maana ndiyo moyo wa hoja yangu. Katika modeli hiyo, kiwango cha mkwaruzo kinachohitajika kuanza kuisogeza punje ya wastani ni 0.036 kwenye sakafu isiyo na mchanga, na hushuka mpaka karibu 0.021 mchanga unapofika sehemu ya tano ya uso. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini kwa mtiririko wa wastani, usiofika mafuriko makubwa, kiasi kinachosafirishwa hupanda kwa kipeo cha 7.5 cha uwiano kati ya mkwaruzo uliopo na kiwango hicho. Gawanya 0.036 kwa 0.021 upate 1.7; ipandishe kwa kipeo cha 7.5 na utapata mara 50 hivi. Maji yaleyale, mteremko uleule, punje ileile ya wastani: tofauti ya mara 50 inayotokana na mchanga tu. Mtoa vibali aliyeingiza ukubwa mmoja wa wastani katika fomula yake hana sehemu yoyote ya kuliingiza jambo hili. Hesabu yake haikuliona, basi haiwezi hata kusema imekosea kwa kiasi gani.

Msomaji mwerevu ataniwahi hapa. Kama mchanga ndio unaoichochea changarawe, basi kuutoa mchanga ni kuutuliza mto. Wachimbaji wanatufanyia hisani. Ni pingamizi zuri, na lingekuwa kweli kama uchimbaji ungekuwa kazi ya kuokota mchanga wa juu na kuacha mengine mahali pake. Hakuna tingatinga linalofanya hivyo. Linachimba shimo, linavunja gamba la mawe lililojipanga juu ya sakafu kwa misimu mingi, linachukua kila kitu, na baadaye chekeche hutenganisha mchanga na kokoto kando ya mto. Kinachobaki ni pengo. Mvua ikija, shimo hilo hukamata mzigo wote unaosafiri chini ya maji. Changarawe hutua kwanza, kwenye ukingo wa juu wa shimo. Mchanga huenda mbele zaidi na kujaza sehemu kubwa. Maji yanapopungua, tope laini hufunika. Ndiyo maana dereva wa lori analikuta shimo limejaa na anaridhika. Macho yake hayamdanganyi, hitimisho lake ndilo linalomdanganya. Palipokuwa na mchanganyiko ulioshikana chini ya gamba la mawe, sasa pana mchanga mlegevu. Sakafu hiyo mpya iko kwenye kimo kilekile cha zamani, pengine hata juu kidogo, lakini haina nguvu ileile. Mafuriko yanayofuata huichota kwa kina ambacho sakafu ya zamani isingeruhusu, na changarawe iliyo jirani, ikiwa imezungukwa na mchanga, inaondoka nayo.

Wakati huohuo, chini ya shimo maji yamepokonywa mzigo wao na yana nguvu ya kuokota mwingine. Yanaufagia mchanga uliokuwapo, uso unabaki mawe matupu, na kwa muda hapo panaonekana imara. Mto usioweza kula sakafu hula kingo, na kingo za Messalo ya chini ni mashamba ya watu. Juu ya shimo nako, ukingo wenyewe wa shimo huanza kubomoka na kupanda kinyume cha mkondo, msimu baada ya msimu, mpaka ufike kwenye kitu kigumu. Mara nyingi kitu hicho kigumu ni daraja. Bwawa kubwa hufanya kazi ya shimo kwa kipimo kikubwa zaidi: bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022, litakamata changarawe na mchanga wote unaotoka juu yake, na Rufiji ya chini itaishi kwa kula sakafu na kingo zake. Lakini bwawa angalau huchorwa kwenye ramani na kuandikiwa ripoti. Mashimo ya mchanga hayana mwenyewe.

Kuna mfano mmoja ambao kila mhandisi aliyesoma kwa Kireno anaujua au anapaswa kuujua. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, daraja la Hintze Ribeiro huko Entre-os-Rios, Ureno, lililovuka Mto Douro tangu karne ya 19, lilianguka baada ya nguzo moja kupoteza msingi wake. Basi na magari madogo yalitumbukia mtoni, watu 59 wakafa. Waziri aliyehusika, Jorge Coelho, alijiuzulu usiku huohuo. Uchunguzi ulieleza kwamba sakafu iliyoizunguka nguzo ilikuwa imeliwa, na ulitaja mambo mawili pamoja: uchimbaji wa mchanga wa miaka mingi na mafuriko mfululizo ya majira yale ya baridi. Ukiyatenganisha mambo hayo mawili, kila upande una utetezi. Wachimbaji wanaweza kusema mafuriko ndiyo yaliyofanya kazi. Na mafuriko yanaweza kutetewa kwamba daraja lilikuwa limestahimili mafuriko mengine kwa zaidi ya miaka 100. Ukiyaweka pamoja, utetezi unakwisha: mafuriko yalikutana na sakafu isiyo ya kawaida. Ureno ilikuwa na vipimo, vyuo vikuu, na mamlaka za mito zilizokaa kazini miongo kadhaa. Sisi tunategemea nini zaidi ya hapo?

Pingamizi la pili ni lile la mito ya mchanga. Ruvuma ya chini, wanasema, ni mchanga mtupu kwa upana wa zaidi ya nusu kilomita. Daraja la Umoja la Mtambaswala na Negomano, lililofunguliwa Mei 2010, lina urefu wa meta 720 na karibu sehemu yote inavuka mchanga na maji. Changarawe iko wapi? Nakubali kwamba katika maeneo kama hayo fomula ya punje moja hukaribia zaidi. Lakini kubali nawe kwamba Ruvuma ya chini si mfano wa vijito vinavyokatiza barabara kati ya Macomia na Mocímboa da Praia, ambavyo ndivyo vilivyo karibu na lori. Tena mpaka kati ya sehemu ya changarawe na sehemu ya mchanga katika mto wowote haujakaa mahali pamoja. Husogea kadiri mzigo unaoletwa unavyobadilika, na uchimbaji ni moja ya vitu vinavyousogeza. Hata gesi inayotafutwa nje ya pwani hiyo, kwenye kina kirefu, imo katika nafasi kati ya punje za mchanga ulioshushwa na mito ya kale na kuchambuliwa na mikondo ya baharini mamilioni mengi ya miaka iliyopita. Kama mito na bahari zisingekuwa hodari wa kuchambua punje kwa ukubwa, ghala hilo la gesi lisingekuwa jinsi lilivyo. Inashangaza kidogo kuona ujenzi unaotokana na gesi hiyo ukihesabu mito ya leo kana kwamba haichambui kitu.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, na hutoka kwa wahandisi wenyewe. Hatuna data, wanasema. Modeli inayotaka mgawanyo wa punje kwa kila ukubwa, juu ya uso na chini yake, haifai mahali ambapo hata kimo cha maji hakikupimwa kwa miaka ya vita. Afadhali fomula nyepesi yenye takwimu tatu kuliko modeli tata yenye takwimu za kubuni. Wanaweza hata kuniletea ushahidi. Mwaka 1993 Jonathan Laronne na Ian Reid walichapisha vipimo vya Nahal Yatir, kijito cha jangwa la Negev ambacho hukauka sehemu kubwa ya mwaka, na wakaonyesha kwamba kinasafirisha mzigo wa sakafu kwa ufanisi unaofika mara 400 ya ule wa Oak Creek, kijito cha Oregon kinachotiririka mwaka mzima. Na fomula gani ilikaribia vipimo vya Yatir? Ileile ya Zürich ya 1948. Basi, wanasema, mito yetu inayokauka inafanana na Yatir kuliko Oregon. Fomula ya zamani inatutosha.

Ushahidi huu ninaupokea, ila unasema kinyume cha wanachotaka useme. Fomula moja iliyopatia Yatir na ikakosa vibaya Oak Creek inatuambia kwamba kinachoamua kiko nje ya fomula. Nacho kinajulikana. Oak Creek, kwa kutiririka mwaka mzima, ina miezi mingi ya maji madogo yanayochukua mchanga wa juu na kuacha gamba la mawe. Yatir hufurika kwa saa chache na kukauka ghafla, kwa hiyo uso wake unafanana na kilicho chini, mchanga na changarawe vikiwa vimechanganyika. Tofauti hiyo ya mamia ya mara ni tofauti ya uso wa sakafu. Sasa, Messalo iko upande gani? Maji yake hupungua sana kiangazi lakini mvua zake ni za miezi, Desemba hadi Aprili, si saa chache; na vijito vyake vidogo vinakauka kabisa. Katika bonde hilohilo moja unaweza kuwa na tabia ya Yatir na tabia ya Oak Creek kwa umbali wa siku moja ya mwendo. Hakuna fomula itakayokuambia ni ipi kabla hujautazama uso na kuchimba kuona chini yake. Hoja ya ukosefu wa data inageuka basi: kipimo kimoja kinachohitajika kuliko vyote ni cha bei nafuu kuliko vyote. Kupima kimo na kasi ya maji ya mafuriko kunahitaji vifaa, mashua na watu mahali penye hatari. Kupima mgawanyo wa punje kunahitaji kiangazi, koleo, seti ya machekeche, mizani na turubai.

Wapo pia wanaoniambia kwamba hata modeli ya 2003 hukosea. Hukosea, tena sana; makadirio ya mzigo wa sakafu yanayotofautiana na vipimo kwa mara kadhaa ni jambo la kawaida katika taaluma hii, na mtu anayekuahidi usahihi kuliko huo anakuuzia programu. Lakini makosa hayalingani. Modeli inayozingatia mchanga na changarawe pamoja hukosea kiasi na mara nyingi hupatia mwelekeo: inajua kwamba ukimwaga mchanga kwenye sakafu ya mawe mawe yataondoka, na kwamba ukiukata mchanga unaokuja uso utakuwa wa mawe. Fomula ya punje moja haina mwelekeo wowote katika swali hilo. Wilcock mwenyewe, pamoja na Stephen Kenworthy, alitoa mwaka 2002 modeli nyepesi ya sehemu mbili tu, mchanga upande mmoja na changarawe upande wa pili, kwa ajili ya mahali ambapo takwimu ni chache. Kati ya ukubwa mmoja na ukubwa wa aina mbili kuna takwimu moja zaidi: asilimia ya mchanga. Mtu akikataa hata hiyo, tatizo lake si utata wa modeli.

Linabaki pingamizi la tumbo, na hilo silidharau. Watu waliokimbia makwao miaka mitatu, minne, wanarudi kukuta kuta nyeusi za moshi. Kuwaambia wasubiri machekeche ni rahisi kwa aliye na paa. Lakini tazama nani anachimba nini. Kijana mwenye koleo na baiskeli hachimbi shimo linalopanda mpaka darajani. Mashimo makubwa huchimbwa kwa mashine, kwa mikataba, kwa ajili ya barabara na miradi, na mikataba ndiyo mahali ambapo sharti linaandikika. Wala mto si ghala pekee. Tabaka za Mikindani zimejaa mchanga na changarawe nje ya mikondo, juu ya vilima ambako shimo halitakutana na mafuriko. Tofauti ni gharama ya kuosha na kusafirisha, na gharama hiyo inapaswa kubebwa na mradi, badala ya kuhamishiwa kimyakimya kwenye daraja la umma. Kaunti ya Makueni nchini Kenya ilipitisha sheria ya mchanga mwaka 2015 baada ya mito yake ya msimu kuchimbwa hadi mwambani na visima kukauka, na jirani zao wa Kitui na Machakos wanaojenga mabwawa ya mchanga wanajua somo hili kwa mikono: hupandisha ukuta kwa hatua, msimu baada ya msimu, ili tope lipite juu na mchanga wa punje kubwa utue nyuma, kwa kuwa ukuta ulioinuliwa kwa mara moja hujaa matope yasiyotoa maji. Ndiyo modeli ya punje zilizochanganyika, ikitumika bila kompyuta, karibu na nyumbani.

Shirika la barabara la Msumbiji, mamlaka ya maji ya kaskazini na wafadhili wanaolipia ukarabati wa N380 wanaweza kuanza kiangazi kijacho, kabla kibali kingine hakijatolewa. Katika kila daraja kati ya Mto Montepuez na Mocímboa da Praia, wapime punje za uso na za chini ya uso, juu na chini ya daraja, wayachapishe matokeo kwa Kireno na kwa lugha zinazosomwa huko, kisha warudie baada ya mvua. Wakikuta kimo kilekile lakini changarawe imepungua na mchanga umeongezeka, kibali cha mashine katika kipande hicho kifutwe mwaka huohuo, hata kama shimo limejaa. Kwa upande wa Ruvuma, tume ya pamoja ya maji ya Tanzania na Msumbiji ipo kwa makubaliano ya 2006, na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina ofisi yake Mtwara. Kipimo hikihiki kiingizwe katika kazi zao. Na anayesimamia mkataba wa zege kwa ajili ya bandari aulize swali moja kabla ya kutia saini: mchanga huu umetoka umbali gani na daraja, na nani alichekecha sakafu yake mara ya mwisho?